Kutoka Kasri hadi Chama: Kasongo, Unguja na Historia ya Okestra za Jamii

Mwezi wa Juni 1905 Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye Maniema nzima ilimjua kwa jina la Tippu Tip, alifariki mjini Unguja. Mwaka huohuo, katika mji huohuo, kundi la vijana lilianzisha chama cha muziki walichokiita Nadi Ikhwan Safaa. Wanahistoria wa biashara ya pembe wanalijua tukio la kwanza, wapenzi wa taarab wanalijua la pili, na ni nadra kuyakuta yote mawili katika kitabu kimoja. Makala haya yanayaweka pamoja kwa sababu ya swali linaloihusu nchi ya Wamaza, yaani upande wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema. Nchi hiyo ilipokea kutoka pwani lugha, dini, kanzu, kilimo cha mpunga na namna ya kujenga nyumba. Kwa nini katika shehena hiyo hamkuwamo okestra?

Neno okestra litatumika hapa kwa maana pana: kundi kubwa la wapigaji wa ala za aina mbalimbali, lenye kiongozi, siku za mazoezi zinazojulikana na majira ya maonyesho, na ambalo ni mali ya jamii inayolilisha. Kwa maana hiyo chama cha taarab cha Unguja ni okestra, na okestra ya simfoni ya Kinshasa ni okestra vilevile. Msomaji anayedhani kwamba tunachanganya mambo avute subira kidogo.

Pembe za Kasongo na kanuni ya Barghash

Tippu Tip alijiimarisha Kasongo tangu mwaka 1875. Kabla yake wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Livingstone aliwakuta huko mwaka 1871 na akashuhudia mauaji ya watu sokoni, mwezi wa Julai mwaka huo. Cameron alifika mwaka 1874, Stanley mwaka 1876. Kasongo ilikua haraka ikawa mji wa mashamba, maghala na nyumba kubwa. Sidney Hinde, daktari wa Kiingereza aliyeingia mjini pamoja na jeshi la Dola Huru la Kongo na kuandika kitabu mwaka 1897, alistaajabu kukuta vitanda vilivyochongwa, magodoro ya hariri na vyandarua katika moyo wa bara.

Muziki haukukosekana katika njia iliyovileta vitu hivyo. Msafara wa pwani ulikwenda kwa sauti. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, ngoma ikapigwa, baragumu likalia wakati wa kuondoka na wakati wa kukaribia mji, na wapagazi waliimba mizigo ikiwa mabegani. Bara nako kulikuwa na ngoma za mti zilizopeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji, na wageni wote waliopita Lualaba walizitaja, baadhi yao kwa hofu. Basi pande mbili zenye muziki mwingi zilikutana. Hata hivyo, muziki wa msafara ulikuwa wa kazi na wa safari, na msafara ulipovunjika wapigaji wake walitawanyika.

Muziki wa ala za nyuzi wakati huo ulikuwa mahali pengine kabisa. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, anakumbukwa katika mapokeo ya taarab kwa kumpeleka Mohamed bin Ibrahim mjini Cairo ili akajifunze kupiga kanuni. Aliporudi alipiga kasrini, akawafundisha wengine. Sultani alikuwa pia na bendi ya wapigaji wa Kigoa kwa ajili ya shughuli za kitaifa. Tunapoitazama miaka hiyo kwa makini tunaona kwamba enzi ya Barghash ndiyo enzi ya Kasongo. Hazina iliyomwezesha mtawala kuwa na wanamuziki wake ilitegemea sana ushuru, na sehemu ya ushuru huo ilitokana na pembe zilizobebwa kutoka Maniema na kwingineko bara, mara nyingi juu ya vichwa vya watu ambao wenyewe walikuwa bidhaa. Kanuni ya kasrini na jeraha la begani mwa mpagazi viliandikwa katika daftari moja la hesabu. Vitabu vya historia ya taarab hupenda kuanza na safari ya Cairo. Vingeweza pia kuanza Nyangwe.

Hapo ndipo jibu la kwanza la swali letu lilipo. Mwaka 1893 Nyangwe iliangukia mikononi mwa jeshi la Dhanis mwezi wa Machi, na Kasongo mwezi wa Aprili. Kabambare ilitekwa Januari 1894. Njia ya mashariki ikafungwa, na Maniema ikaelekezwa upande wa mto na wa bahari ya Atlantiki. Wakati huo, Unguja kwenyewe, muziki wa kanuni na udi ulikuwa bado wa kasri. Kasongo ilikatwa kitovu miaka kumi na miwili kabla ya muziki huo kuwa mali ya watu. Mtu hawezi kurithi kitu ambacho mzazi wake bado hajakipata.

Mwaka wa chama

Waanzilishi wa 1905 walichukua jina lao kutoka kwa ndugu wa Ikhwan al-Safa, wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10. Jina hilo lilidai kitu: undugu safi. Walijifunza ala, waliagiza vifaa kutoka Misri, na walijiwekea utaratibu wa ada, uongozi, nyumba ya kukutania na nyakati za mazoezi. Jambo hili huelezwa kwa haraka mno katika vitabu vyetu, kana kwamba muziki ndio uliokuwa mpya. Hoja ya makala haya ni kwamba upya mkubwa ulikuwa chama chenyewe. Mpigaji wa kasri hulishwa na mtawala, na siku mtawala anapochoka kusikiliza, sauti hufa. Mpigaji wa chama hulipa ili apige.

Mwaka wa chama cha taarab una umbo lake, nalo halikutokana na kalenda ya kumbi za Ulaya. Mfungo wa Ramadhani ni mwezi wa ukimya wa ala hadharani. Mwezi ukiandama, Mfunguo Mosi huingia na usiku wa Idi huwa ndio kilele. Nyimbo mpya hutolewa, washairi waliokuwa wakificha beti zao huzifichua, na watu huja na nguo mpya kuja kuhukumu. Kisha hufuata arusi. Kati ya hayo yote kuna mazoezi ya jioni baada ya kazi, ambayo ndiyo maisha halisi ya chama, kwa kuwa karani, mshonaji na mvuvi hukutana hapo wakiwa sawa mbele ya mpigaji wa kanuni. Katika onyesho hadhira hainyamazi mpaka mwisho. Msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akacheza taratibu hadi mbele, akamtunza mwimbaji kwa fedha, na kwa tendo hilo huweza kumpelekea jirani yake ujumbe ambao asingethubutu kuutamka.

Katika miongo ya kwanza walioimba katika chama hicho waliimba zaidi Kiarabu. Kiswahili kiliingia kwa mlango wa Ng'ambo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 katika ukoo wa watumwa, alihamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Ng'ambo aliyoiimbia ilijaa watu ambao wao au wazazi wao walikuwa wametoka bara: Wanyasa, Wayao, Wazaramo, na Wamanyema. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Kwa hiyo si kweli kwamba Maniema haikuwa na sehemu yake katika historia ya taarab. Sehemu ilikuwapo, ila ilikuwa upande huu wa maji, miongoni mwa wajukuu wa wale waliosafirishwa. Taarab ilipotoka kasrini na kuvuka kwenda Ng'ambo iliwarudia, kwa njia ndefu, baadhi ya watu waliokuwa wameigharamia.

Baadaye vyama viliongezeka na kukua. Kuanzia miaka ya 1950, kwa mfano wa okestra kubwa za Cairo zilizosikika redioni na katika filamu, fidla zikawa nyingi, chelo na besi zikaingia, kodiani ikawa kama mwenyeji, pamoja na nai, rika na dumbaki. Culture Musical Club ilianza mwaka 1958 katika harakati za vijana wa Afro-Shirazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iliviweka vyama chini ya usimamizi wake. Ikhwan Safaa kwa miaka kadhaa ilijulikana kwa jina la Malindi kabla ya kurejea jina lake la asili. Chama kilipoteza jina, hakikupoteza mazoezi. Nadhani hiki ndicho kipimo bora cha uhai wa okestra yoyote.

Beni ya askari

Kabla ya kurudi bara hatuna budi kuitaja beni, kwani ndiyo iliyotembea zaidi. Ilizuka katika miji ya pwani miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi: magwaride, sare, ngoma kubwa, tarumbeta kwa walioweza kuzinunua na mabuyu kwa wasioweza. Vyama vyake viligawanyika mara mbilimbili ili vipate mshindani, na katika Tanganyika Marini na Arinoti ndivyo vilivyovuma. Kila kimoja kilikuwa na vyeo kuanzia mfalme hadi askari wa kawaida, na mfuko wa kuzikana na kusaidiana. Terence Ranger alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha 1975 kwamba dhihaka hiyo ya gwaride ilikuwa pia namna ya kujitawala.

Vita Vikuu vya Kwanza viliipeleka mbali. Jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora Septemba 1916 likiwa na askari na wapagazi wengi kutoka Kongo, na Wabelgiji walikaa katika nchi za magharibi ya Tanganyika hadi 1921. Katika miaka ya 1920 beni ilichezwa katika miji ya migodi ya Katanga. Kwa hiyo njia iliyofungwa mwaka 1893 ilifunguliwa tena kwa miguu ya askari. Lakini beni ilifuata mshahara. Ilishika mizizi penye kambi, bandari, reli na mgodi, mahali ambapo vijana walilipwa kwa mwezi na waliweza kutoa ada kwa mwezi. Kasongo, iliyokuwa mji mkuu wa pembe, sasa ilikuwa nchi ya wakulima waliolazimishwa kulima pamba. Reli ya kutoka Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwaka 1911, iliwachukua vijana wake kwenda kusini kutafuta kazi.

Neno lililobadilika njiani

Katika Kongo neno okestra lilipata maisha mengine. African Jazz ya mwaka 1953 na OK Jazz ya mwaka 1956 ziliitwa okestra, na tangu hapo kwa Mkongomani okestra ni magitaa, rumba na ukumbi wa bia. Maana hiyo ilivuka ziwa na kuingia Dar es Salaam pamoja na wanamuziki waliohamia Tanzania, na majina kama Orchestra Maquis na Orchestra Makassy yakawa ya kawaida mjini.

Mmoja wa wahamiaji hao alikuwa mtoto wa Maniema. Remmy Ongala alizaliwa karibu na Kindu mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Makassy, kisha akaongoza Orchestra Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili juu ya umaskini, kifo na maradhi, na Watanzania walimwita Dokta. Alifariki mwaka 2010 na kuzikwa katika mji huo. Ukifuata ramani ya maisha yake utaona kwamba ni njia ya Tippu Tip iliyogeuzwa: mtu wa Maniema anakwenda pwani kwa hiari yake, akiwa na gitaa, na pwani inamsikiliza. Wachambuzi wa muziki wa dansi humtaja kama Mzaire aliyejifunza Kiswahili cha Tanzania. Wangetazama mahali alipozaliwa wangeona kwamba Kiswahili kilikuwa kimefika huko kabla ya babu zao hawajasikia neno Tanzania.

Kinshasa, 1994

Okestra ya simfoni yenyewe, yenye fidla, viola, chelo, filimbi na tarumbeta, ilipokuja Kongo haikupita njia ya mashariki. Ilizaliwa Kinshasa mwaka 1994, nayo ni Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Mwanzilishi wake, Armand Diangienda, alikuwa rubani. Hakuwa mwanamuziki wa chuo. Ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri aliyefungwa na serikali ya Wabelgiji mwaka 1921 na kufia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, Oktoba 1951, baada ya miaka thelathini. Kanisa lake lilitambuliwa na serikali mwaka 1959, na waumini wake walikuwa na kwaya na bendi za matarumbeta kabla ya kuwa na fidla hata moja.

Mwanzo ulikuwa mgumu kiasi cha kuchekesha. Watu kumi na wawili walitaka kujifunza fidla, nazo zilikuwa tano. Kila mmoja alipiga kwa dakika chache kisha akampa mwenzake. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulitumika badala yake. Nota zilinakiliwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Walipokosa besi, fundi wao alifungua moja, akapima vipande vyake na kuchonga nyingine. Mazoezi yalifanyika jioni, umeme ukikatika kila mara, na wapigaji walikuwa wachuuzi, mafundi, wanafunzi na akina mama waliotoka sokoni. Kutokana na hali hiyo walifikia kupiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven na Carmina Burana ya Carl Orff, wakiwa na kwaya, na hesabu yao wote ilizidi mia mbili. Filamu ya Kijerumani ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony, iliwajulisha duniani. Mwaka 2014 walipiga nchini Uingereza.

Magazeti ya Ulaya yaliandika habari hii kama muujiza, Beethoven katikati ya vumbi. Naomba radhi kwa wapenzi wa Beethoven, lakini mtu aliyesoma historia ya Ikhwan Safaa haoni muujiza wowote. Anaona jambo analolifahamu: jioni baada ya kazi, ala chache zinazopokezanwa, ada inayotolewa kwa shida, nyumba ya kukutania, mwalimu anayejifunza huku akifundisha, na majira ya maonyesho yanayofuata sikukuu za watu wenyewe. Kinshasa ya 1994, baada ya uporaji wa 1991 na 1993, haikuwa na mshahara wa kulisha bendi. Ilikuwa na kanisa, na kanisa lilikuwa limekwisha kuwazoesha watu kukutana kwa saa maalumu na kusikilizana. Unguja ya 1905 ilikuwa na urafiki wa mitaani na msikiti mmoja. Mtindo wa muziki ni jambo la pili.

Mzigo mwepesi

Turudi Kasongo. Jibu la kwanza la swali letu lilikuwa la tarehe. Jibu la pili linahusu uzito. Maniema imekimbia mara nyingi: uasi wa 1964, vita vilivyoanza 1996 na kuendelea, kwa mapumziko mafupi, hadi 2003, na makundi ya wenye silaha yaliyosumbua Kabambare hata baada ya hapo. Mtu anayekimbilia msituni usiku hubeba mtoto na sufuria. Habebi besi, wala kanuni yenye nyuzi zaidi ya sabini. Lugha ni mzigo mwepesi kuliko yote, ndiyo sababu Kiswahili cha Kasongo kimedumu na wenyewe kujivunia kuwa cha karibu zaidi na cha pwani. Sala ni nyepesi. Dufu pia ni jepesi, fremu ya mti na ngozi ya mbuzi. Likipotea latengenezwa jingine katika siku chache. Maulidi ya Waislamu wa Maniema yanahitaji sauti za watu wengi waliofanya mazoezi pamoja, kiongozi wa kuanzisha na wengine kuitikia, tarehe inayojulikana katika mwaka, chakula kilichochangwa, na wageni wanaotembea kutoka vijiji vingine. Ukiondoa ala za nyuzi, mambo yote tuliyoyataja katika maana ya okestra yamo.

Kwa hiyo swali letu linahitaji kuulizwa upya. Tulitafuta Kasongo kitu kilichotoka kasrini, kumbe kilichotakiwa kutafutwa ni chama. Watafiti wa Kiswahili wamefika Kasongo na Kabambare kuandika viambishi na msamiati, nao wamefanya kazi njema; daftari za michango ya maulidi, majina ya waanzilishi wa kasida na mpangilio wa sauti zao vinastahili kuandikwa kwa makini yaleyale, wazee wangali hai.

Nyumba ya Tippu Tip iko Shangani, Unguja. Kutoka hapo hadi Vuga, mtaa ambao Culture Musical Club ilifanyia mazoezi yake, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kutoka Kasongo hadi mlango huo, mpagazi wa pembe alitembea miezi.